Kabla Hujakopa Ununue Simu ya Kamera Kali, Hesabu Kwanza Pikseli za Picha Yako

Hii ya leo ni ndefu kidogo, lakini kama unauza kwa picha, usiiruke.

Mwaka jana mwezi wa nane nilichangia meza na wadada wawili pale Nzuguni, viwanja vya Nane Nane. Wengi mnanijua, nauza mashuka na mapazia, fremu yangu iko Majengo ila wateja wangu wengi wanatoka WhatsApp na Instagram. Nikasema safari hii niweke bango watu wanione. Futi 6 kwa futi 4, shilingi 35,000. Picha nilishaichagua, ile ya shuka jeupe lenye taraza ya bluu ukingoni, maana kila nikiiposti watu wanaulizia bei. Tatizo nilishaifuta kwenye galari, simu ilikuwa imejaa. Ila ilikuwepo kwenye stetasi yangu ya siku hiyo. Nikapiga skrinshoti, nikakata pembeni, nikamtumia fundi wa mabango.

Fundi akaniandikia, "Dada, hii picha haina ubora, huna nyingine?" Nikaiangalia kwenye simu, naiona safi kabisa. Nikamjibu, "Weka hiyo hiyo kaka, iko poa."

Bango likaja. Ukiwa ng'ambo ya njia unaliona shuka vizuri tu. Ukisogea mezani, ile taraza imekuwa ngazi ngazi, na lile shuka jeupe lina viboksi viboksi kama vigae vya bafuni. Bibi mmoja alipita, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akalitazama bango mpaka nikaona aibu. Akasema, "Mjukuu wangu, hili shuka mbona limeota ukungu?" Wale wadada wawili walicheka siku nzima.

Hilo la bango ningelimeza. Lililoniuma lilikuja wiki mbili baadaye. Mama mmoja mwenye gesti maeneo ya Kisasa alitaka jozi 30 za mashuka ya vyumba. Alinitumia ujumbe, "Mwanangu nitumie picha ya karibu, nataka nione uzi." Nikamtumia. Akajibu, "Naona kama poliesta." Nikamwambia mama hapana, hii ni pamba, nakuapia. Nikatuma nyingine tatu. Kimya. Kesho yake asubuhi akaniambia ameshapata kwa mtu mwingine. Kwa jozi moja nilikuwa napata faida ya 6,000. Zidisha mwenyewe mara 30. Kwangu mimi hiyo ni kodi ya fremu ya mwezi na nusu. Na shuka lilikuwa pamba kweli! Yaani ningedanganya nikakosa ningesema sawa, lakini nimesema kweli nikaonekana muongo kwa sababu ya picha.

Nikaamua kosa ni simu. Simu yangu kamera imeandikwa MP 48, nikaona mtandaoni kuna ya MP 108. Nikaomba mkopo kwenye kikoba, 400,000, wakaniambia nisubiri kikao cha Jumamosi.

Alhamisi nikapita kwa yule fundi wa mabango kuchukua stika za bei. Nikamlalamikia kidogo kuhusu bango. Hakunibishia. Akafungua kompyuta, akaitafuta ile picha niliyomtumia, akabonyeza pembeni, akanionyesha namba: 720 kwa 540. Akaniuliza, "Unajua hii ni nini?" Nikasema ni saizi. Akasema, "Hizi ni pikseli. Umeniletea shanga chache, unataka nikushonee mkanda wa ukutani."

Hapo ndo nilianza kuelewa. Mimi nimeishia kidato cha nne na fizikia haikunipenda, kwa hiyo nitawaeleza kama nilivyojielewesha mwenyewe.

Chukua mkanda wa shanga, kama ile inayouzwa na kina mama barabarani. Ukisogea karibu unaona shanga moja moja, kila moja ina rangi moja tu, hakuna shanga yenye rangi mbili. Ukirudi nyuma unaona ua, pembetatu, jina la mtu. Picha ya simu iko hivyo hivyo. Ni shanga zimepangwa kwa mistari ya kulala na ya kusimama, na kila shanga ina rangi moja. Shanga hiyo ndiyo pikseli. Neno lenyewe limefupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya kipande cha picha. Resolusheni ni idadi tu ya hizo shanga, ngapi kwa upana na ngapi kwa urefu.

Kioo cha simu nacho kina shanga zake, tofauti yake ni kwamba zinawaka. Kila pikseli ya kioo imegawanyika vitaa vidogo vya nyekundu, kijani na bluu. Vyote vikiwaka unaona nyeupe, vyote vikizima unaona nyeusi, na rangi nyingine zote zinatoka kwenye kuongeza na kupunguza hivyo vitatu. Ukitaka kuhakikisha, fungua ukurasa mweupe kwenye simu, chovya kidole kwenye maji, dondosha tone dogo sana juu ya kioo. Tone linakuza kama lenzi, utaona vidoti vya rangi ndani ya nyeupe. Tone dogo nimesema, usije ukanidai simu.

Sasa turudi kwenye bango langu, maana hesabu yake ndiyo ilinikata kiu.

Simu yangu ikipiga picha ya kawaida inatoa pikseli 4000 kwa 3000. Zidisha, ni milioni 12. Lakini mimi sikutuma hiyo picha. Nilituma skrinshoti. Na skrinshoti haipigi picha yako, inapiga kioo chako. Kioo cha simu yangu kina pikseli 720 kwa upana na 1600 kwa urefu, basi. Picha ya kulala ikikaa kwenye kioo hicho inapata 720 kwa 540, ambayo ni pikseli 388,800. Kutoka milioni 12. Yaani katika kila pikseli 31 nilizokuwa nazo, nilibaki na moja, 30 nimezitupa kwa kidole changu mwenyewe.

Bango lina upana wa futi 6, ambazo ni inchi 72. Gawa 720 kwa 72. Pikseli 10 kwa kila inchi moja. Kila pikseli ilitandazwa mpaka ikafika milimita 2 na nusu, karibu na upana wa punje ya uwele. Hebu fikiria taraza ya uzi mwembamba uichore kwa punje za uwele.

Na vile viboksi vikubwa? Hivyo nilidhani ndo pikseli zenyewe, kumbe hapana. Picha nyingi za simu zinahifadhiwa kwa mtindo wa JPEG, ambao unaigawa picha kwenye vipande vya pikseli 8 kwa 8 halafu unabana kila kipande kivyake ili faili liwe dogo. Ukibana sana, mipaka ya vipande inaanza kuonekana. Pikseli 8 za bango langu zilikuwa kama sentimita 2. Ndo vile vigae vya bafuni alivyoviona bibi.

Kwa nini basi kwenye simu niliiona safi? Kwa sababu jicho lina kipimo chake. Mtu mwenye macho mazuri akiwa umbali wa mita moja anaweza kutenganisha vitu viwili vikiwa vimeachana kama milimita 0.3 hivi, chini ya hapo vinaungana. Ukienda mita mbili, kipimo kinakuwa mara mbili. Kwenye kioo cha simu yangu, cha inchi 6.5, zimepangwa kama pikseli 270 kwa inchi, kwa hiyo ukiishika mkononi huoni punje. Pikseli za bango langu zingeungana machoni mtu akiwa mbali kama mita 9. Ng'ambo ya njia. Mteja wa mashuka hasimami mita 9, anakuja mpaka anashika kitambaa.

Ningetuma ile picha halisi ya 4000, ingekuwa pikseli 55 kwa inchi, na mtu wa umbali wa mita moja na nusu kwenda mbili angeona shuka, asingeona uwele. Kwa bei ile ile ya 35,000. Ndiyo maana kadi za biashara na lebo za kushika mkononi wachapishaji wanataka pikseli 300 kwa inchi, ila bango la barabarani wanaridhika na chache. Inategemea anayesoma anasimama wapi.

Niliporudi nyumbani nikafanya jaribio na mdogo wangu. Nilipiga picha ya shuka, nikaangalia maelezo yake kwenye galari. (Fungua picha, bonyeza vile vidoti vitatu au ivute juu, utaona namba. Simu nyingi zinayo.) 4000 kwa 3000. Nikamtumia kwa WhatsApp kawaida, akaangalia maelezo upande wake. 1600 kwa 1200. Milioni 12 zimekuwa chini ya milioni 2. WhatsApp hawajakosea, wanabana ili picha ipite haraka na bando la watu lisiishe. Mwaka 2023 waliongeza alama ya HD juu ya picha kabla hujatuma, ukiibonyeza inabana kidogo kuliko kawaida. Nikatuma kwa HD, ikafika kubwa zaidi. Mwisho nikatuma kama dokumenti, ile alama ya karatasi, ukachagua picha kama faili. Ikafika 4000 kwa 3000, haijaguswa.

Kwa hiyo yule mama wa gesti alipovuta picha yangu kwa vidole aone uzi, uzi haukuwemo. Haukufichika, haukuwemo kabisa. Uzi wa shuka ni mwembamba kuliko pikseli zilizobaki, na nyuzi nne tano zikiingia kwenye pikseli moja inatoka rangi moja laini inayong'aa. Inafanana na poliesta kweli. Mama alisema alichokiona.

Na kosa jingine lilikuwa langu pia: nilisimama mlangoni nikavuta kamera kwa vidole. Kwenye simu nyingi za bei yetu, kuvuta ni kukata tu. Ukivuta mara mbili, simu inachukua katikati ya picha, robo yake, milioni 3 kati ya 12, halafu inaitandaza ionekane kubwa. Vuta kwa miguu. Sogea karibu na kitambaa mpaka simu ianze kukataa kuona vizuri, rudi nyuma kidogo, gusa kioo pale kwenye uzi, subiri sekunde, piga. Futa lenzi kabla, kwa vumbi letu hili la kiangazi ukikaa nusu siku sokoni lenzi imeshakuwa ya kahawia.

Mwanga nao. Jua la Dodoma saa saba mchana usipigie kitu cheupe, nyeupe inaungua yote na uzi unapotea hata kama una pikseli za kumwaga. Mimi napigia mlangoni, kivulini, asubuhi saa tatu au jioni saa kumi na moja.

Sasa ile simu ya MP 108. MP ni pikseli milioni moja. Nilichokuja kugundua ni kwamba simu nyingi zenye namba hizi kubwa haziyatoi yote kwenye picha ya kawaida. Vinasa mwanga vyake ni vidogo mno, kwa hiyo zinaviunganisha kwa makundi ili picha isiwe na chenga. Nyingi za MP 48 zinaunganisha vinne vinne, inatoka picha ya milioni 12. Nyingi za MP 108 zinaunganisha tisa tisa. Gawa 108 kwa 9. Ni 12! Ningekopa 400,000 nikalipe na riba, halafu nipige picha ya milioni 12, niitume WhatsApp ifike milioni 2. Sisemi simu hizo ni sawa, lenzi na kinasa mwanga vinaweza kuwa bora zaidi, mwanga hafifu utaona tofauti. Lakini tatizo langu mimi halikuwa hapo. Jumamosi nilienda kikaoni nikaondoa jina langu kwenye orodha, mwekahazina akanitazama kama nimepata bwana mwenye hela.

Hapa mtu ataniuliza, kwa hiyo kila picha nitume dokumenti? Hapana, utafukuza wateja. Picha yangu moja ya milioni 12 ina kama MB 4. Ukimwaga picha 20 kwenye kundi ni MB 80 za bando la mtu ambaye hata hajasema atanunua, na wengi wana vioo vya 720 kama changu, hata ukiwatumia 4000 kioo kitaonyesha 720 mpaka avute. Mimi nafanya hivi. Kwenye kundi na stetasi, kawaida tu. Mteja akiuliza uzi, taraza, mshono au lebo, namtumia mbili au tatu kwa HD, ya mbali moja na za karibu. Mchapishaji wa bango, dokumenti, hakuna mjadala. Instagram yeye anapunguza upana kuwa 1080, kwa hiyo naikata mwenyewe kabla, 1080 kwa 1350 ile ya kusimama, ili nichague mimi kinachobaki. Na picha nzuri sifuti tena kwenye simu kabla sijaitunza kwenye barua pepe yangu.

Na msinitajie zile programu za kuongeza ubora wa picha. Nilizijaribu. Pikseli iliyotupwa hairudi, programu inabuni ya kwake. Nilipitishia picha ya pazia ikaniwekea nyuzi zilizonyooka vizuri ambazo pazia langu halina. Mteja akipokea mzigo pale stendi akakuta kitu kingine, utamwambia nini? Kwamba ni programu?

Wale mnaouza tivi na monita za mtumba, najua mko wengi hapa, na nyie pikseli zinawahusu, na kuna mahali mnatuchanganya. Unaposti "Tivi inchi 43 kali sana" halafu basi. Inchi ni urefu wa kioo kutoka kona mpaka kona, haisemi kina pikseli ngapi. Tivi ndogo nyingi za HD ni 1366 kwa 768, kama milioni 1. Full HD ni 1920 kwa 1080, milioni 2 na kidogo. 4K ni 3840 kwa 2160, milioni 8 na laki mbili na kitu. Na boksi likiandikwa kwamba inakubali video za 4K, hiyo ni ahadi ya kupokea. Inaweza kupokea ikazipunguza zienee kwenye kioo cha milioni 2. Angalia namba ya kioo chenyewe, iandike kwenye tangazo. Mteja anayejua atakuheshimu, na asiyejua hatakurudia na ugomvi.

Halafu msimdanganye mtu kwamba lazima anunue 4K. Tivi ya inchi 43 ya Full HD ina pikseli kama 51 tu kwa inchi, kidogo kuliko hata simu yangu ya bei chee, lakini akikaa mita mbili kutoka ilipo macho yake hayatazihesabu. Sebule za kupanga za Chang'ombe na Nkuhungu zinajulikana ukubwa wake, muulize kochi liko umbali gani kabla hujampandisha bei.

Unaponunua kioo cha mtumba, tembea na picha mbili kwenye flashi, moja nyeupe yote na moja nyeusi yote. Iweke nyeupe, tafuta kidoti cheusi kisichotoka hata ukipangusa. Iweke nyeusi, tafuta kidoti cha rangi kinachowaka peke yake. Hizo ni pikseli zilizokufa au zilizokwama. Moja ya pembeni unaweza kuivumilia ukapunguziwa bei. Zikiwa kundi katikati, muachie mwenyewe.

Yule mama wa gesti nilimtafuta tena mwezi wa kumi. Sikumbembeleza, nilimwamkia tu, nikamtumia picha moja kwa HD, ukingo wa shuka na kidole changu pembeni apate kulinganisha unene wa uzi. Akakaa karibu saa nzima. Akajibu, "Hii ni ile ile uliyonitumia siku ile?" Nikamwambia ndiyo mama, ni ile ile. Akaagiza jozi 6 kwanza, za kujaribu kufua. Mwezi wa kumi na mbili akaongeza 10.

Lile bango bado ninalo. Nafunikia marobota ya mapazia vumbi lisiingie, upande wenye picha nimegeuzia ndani.